Pini ya Trela la Holmset

Trela lile halikuwa mali ya Ragnfrid Holmset, ingawa hakuna aliyelikumbuka hilo ila lilipoharibika. Lilikuwa la kaya kumi na nne za ukingo wa ghuba, lakini lilisimama uani kwake, kando ya ghala, kwa sababu baba yake, mzee Ingebrigt, ndiye aliyelichomelea zamani kwa vyuma vya kiwanda cha samaki kilichokuwa kimefungwa. Mzee alipofariki trela lilibaki palepale, na utunzaji wake ukamwangukia binti. Kulikuwa na mtoto wa kiume pia, Magnar, lakini yeye alikuwa mwalimu mkuu huko Bergen, na mwalimu mkuu wa Bergen haji kila mwezi wa kumi kutia grisi.

Basi alitia Ragnfrid. Alikuwa na miaka sitini na miwili na alifanya kazi ya uuguzi wa majumbani: kutwa nzima nyumba hadi nyumba, akiosha vidonda, akipima presha, akiwavisha wazee zile soksi za kubana miguu ambazo kuzivuta tu humla mtu mabega. Akirudi alivua sare, akala viazi na samaki aliyebaki jana, halafu akavaa ovaroli la marehemu baba yake, mikono imekunjwa mara mbili, akatoka tena.

Watu hudhani trela ni chuma na magurudumu mawili. Hawajui kwamba chumvi hula ncha za waya za taa kutoka ndani, waya ukiwa bado mzuri kwa nje. Hawajui kwamba mkanda wa winchi, ile roda ya kuvutia mashua, huoza mahali pale pale unapokunjwa, na kwamba rola ya mpira inayobeba mkuku, uti wa chini wa mashua, ikishakauka, huukwangua mkuku kama msasa. Ragnfrid alijua. Kila trela lilipotoka baharini alilimwagia maji baridi, vitovu vya magurudumu kwanza. Alipima upepo wa matairi. Alibadilisha mikanda kabla haijakatika. Hata kufuli la mkono wa kuvutia trela alilitia mafuta, maana siku hizi hata kwenye ghuba zile trela lisilofungwa huamka halipo.

Palikuwa na sheria moja ya mzee Ingebrigt ambayo kaya zote kumi na nne ziliishika kuliko zilivyoshika amri za kanisa. Mkono wa trela ukielekea barabarani, trela liko tayari: chukua ufunguo nyuma ya mlango wa ghala, fungua, funga kwenye gari lako, nenda. Huna haja ya kubisha hodi. Mkono ukielekea ghalani, hata nyumba yako ikiwaka moto, hugusi.

Na palikuwa na desturi ya pili, ambayo ilikuwa ya Holmset peke yao. Mzee alipofungua kitovu cha gurudumu, akatoa beringi, akaiosha, akaipaka grisi mpya na kuirudisha, alikaza nati, akalizungusha gurudumu, akailegeza nati robo, kisha akaacha. Hakutia pini inayozuia nati isijifungue. Aligongea kifuniko kidogo tu ili unyevu usiingie, akaenda kulala. "Chuma nacho hulala," alisema. "Asubuhi utajua kimelalaje." Asubuhi alitoa kifuniko, akaisikiliza nati kwa vidole, ndipo akatia pini na kuikunja miguu. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Lakini katika ghuba ile, kitu kilichofungwa kisifunguke kiliitwa "kimefungwa Kiholmset", na msemo huo Ragnfrid aliusikia dukani na kwenye mazishi, akainua kichwa kila mara.

Mwaka huo vuli iliingia na mvua isiyokatika. Redio ilitangaza dhoruba ya wiki inayofuata, na mashua zote zilikuwa bado majini. Sivert, mwenyekiti wa ushirika wa mashua, mzee wa miaka sabini na minane mwenye nyonga mbovu na mdomo mzima, alipiga simu mara mbili siku moja.

"Ragnfrid, trela lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa asubuhi au Ijumaa ya kwenu nyie wauguzi?"

"Ijumaa, Sivert."

"Maana Eskil amejitolea kunitolea mashua yangu. Yule mpiga kinanda. Nimemwambia, bwana, kinanda chako hakina breki, lakini anasema ataweza."

Gurudumu la kushoto alilimaliza Jumatano, na Alhamisi asubuhi likatiwa pini yake. La kulia alilifungua Alhamisi baada ya kazi. Alikuwa ameanza siku saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa mwenzake mmoja alikuwa mgonjwa na nyumba za mwenzake zimegawanywa kwa waliobaki. Alipiga magoti kwenye kokoto zilizolowa, taa ikiwa kichwani, akafanya kila kitu kama kinavyotakiwa. Nati, mzunguko, robo nyuma. Pini akaitia mfukoni mwa ovaroli. Akagongea kifuniko.

Alipoinuka, magoti yalimuuma hata akashika ukingo wa trela na kungoja. Aliwaza juu ya asubuhi: kutoa kifuniko, kutia pini, halafu kulisukuma trela zima peke yake ligeuke, kabla ya kwenda kazini. Pini ni kazi ya dakika nne. Kugeuza ni kazi ya mgongo. Akasema, acha niligeuze sasa, mwili ukiwa bado na joto. Akaligeuza. Mkono ukaelekea barabarani.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia. Bibi mmoja wa juu bondeni ameanguka bafuni na bado yuko sakafuni. Ragnfrid alitoka mbio, kipande cha mkate na jibini la kahawia mdomoni, akalipita trela kwa gari lake, wala hakulitazama.

Mchana Eskil alikuja, akaona mkono umeelekea barabarani, akachukua ufunguo.

Eskil Tveiten alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa muziki, mtu wa bara, aliyehamia ghubani na mkewe Maren miaka miwili iliyopita. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na alisaidia watu kupita kiasi, kama wageni wengi wafanyavyo. Alivuta trela kilomita kumi na mbili hadi kwenye mteremko wa kutolea mashua, na alipofika hakusimama. Alirudi nyuma moja kwa moja hadi majini, vitovu vikiwa vya moto.

Hapo ndipo alipojiharibia. Kila mtoto wa ghuba anajua kwamba kitovu cha moto kikitumbukizwa katika maji baridi hufyonza maji ya bahari hadi ndani kwenye beringi. Unangoja. Unakunywa kahawa. Unaweka kiganja juu ya kitovu, kikiwa baridi ndipo unashuka. Waliokuwepo walipiga kelele, "Ngoja vipoe! Vipoe kwanza!" lakini madirisha ya gari yalikuwa yamefungwa, na yeye akawapungia mkono akidhani wanamsalimu.

Akaipandisha mashua ya Sivert, akaifunga vizuri, akaondoka. Njiani kurudi, kwenye mteremko wa barabara wa Lia, gurudumu la kulia lilichomoka lote, kitovu na kila kitu. Likamtangulia barabarani, likakata kona, likaruka mtaro, likaingia katika kibanda cha kungojea basi na kulivunja benchi vipande viwili. Dakika tisa kabla, watoto watano walioshuka kwenye basi la shule walikuwa wamesimama humo ndani wakingoja mvua ipungue.

Mashua ilipasuka mbao mbili. Eskil hakuumia. Walimkuta ameketi kando ya barabara, mikono katikati ya magoti, akiuliza kila aliyefika kama watoto wamefika nyumbani.

Jioni ile trekta lilimrudishia Ragnfrid trela uani, na gurudumu limetupwa juu yake. Alikuwa ameshasikia habari nzima katika nyumba tatu tofauti, na katika zote tatu hukumu ilikuwa moja: mpiga kinanda hakungoja. Naye aliikubali. Alivaa ovaroli, akachukua bisibisi, akakibandua kifuniko.

Nati ilidondoka kiganjani mwake, nzima, haina hata mkwaruzo.

Grisi ilikuwa ya dhahabu kama asali, kama alivyoiweka. Maji ya bahari hugeuza grisi kuwa kama maziwa yaliyochacha, na hata yakiingia, huchukua miezi kuila beringi, si nusu saa. Hapa hapakuwa na tone. Alimulika ncha ya ekseli. Tundu la pini lilikuwa tupu na safi. Pini ikikatika huacha kipande, na hapakuwa na kipande.

Akaingiza mkono mfukoni.

Ilikuwemo, miguu yake miwili imenyooka sambamba, haijawahi kukunjwa.

Alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Kilichomjia kwanza hakikuwa Eskil, wala mashua ya Sivert. Kilikuwa lile benchi. Kisha, na hilo ndilo lililomtia haya baadaye kuliko yote, akawaza jina la Holmset dukani.

Siku ya tatu alimpigia Magnar, akamweleza kila kitu. Magnar alisikiliza kama anavyosikiliza wazazi wa wanafunzi.

"Dada, kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi usijibu usichoulizwa."

"Magnar, yule kijana anabebeshwa kosa langu."

"Kijana ana miaka arobaini. Na kosa lake lipo: kila mtu amemwona akishuka na vitovu vya moto. Huo si uongo wako. Wewe huna haja ya kusema lolote, unanyamaza tu. Baba ana miaka kumi na tisa kaburini na bado wanamtaja kwa heshima. Unataka wamtaje vipi kuanzia kesho?"

"Pini nilisahau mimi, si Baba."

"Unadhani watatofautisha?" Kisha sauti ikalainika. "Umechoka, dada. Lala. Mtu aliyechoka huungama hata asichofanya."

Ragnfrid alikata simu. Maneno yalikuwa ya busara na yalimpa usingizi usiku mmoja, tena mmoja tu.

Siku ya tano Eskil mwenyewe alikuja uani, ameshika bakuli la keki lililofunikwa kitambaa. Alisimama mbali na trela kama mtu anayesimama mbali na mbwa aliyemng'ata.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwa Sivert nimeshakwenda. Nimeona nije na kwako, maana ni trela la baba yako."

"Si la baba yangu. Ni la ushirika."

"Wote wanasema la baba yako." Alijaribu kutabasamu. "Mimi kwetu ni bara. Mashua nilikuwa naiona kwenye kalenda. Sikujua kwamba lazima mtu angoje. Sasa najua, kila mtu amenifundisha. Hata mchungaji amenifundisha."

Ragnfrid alimkaribisha kahawa. Angefanya nini? Walikaa jikoni, na keki ilikuwa nzuri. Eskil alisema Maren ameacha kwenda kwenye duara la kufuma, kwa kuwa mama wa mmoja wa wale watoto alimuuliza mbele za watu, mumeo hulala vipi? Si kwa ubaya, alisema Eskil. Aliuliza tu.

"Na wewe unalala vipi?" Ragnfrid alimuuliza, maana ndilo swali alilowauliza watu kutwa.

"Silali."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe, ile anayoitumia kando ya vitanda: "Vyombo huharibika, Eskil. Usijitese." Ilikuwa kauli ya kweli, na kwa sababu hiyo ilikuwa uongo kuliko uongo wowote aliowahi kusema. Eskil alimshukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake. Bakuli lake likabaki juu ya meza. Ragnfrid alilisafisha mara mbili.

Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kaya zote. Dhoruba ilikuwa imepita kwa bahati bila kuzamisha kitu, lakini mashua kumi na mbili zilikuwa bado majini na dhoruba nyingine ilikuwa imetangazwa. Kila kaya ilileta mtu na reki, na bati la keki za kubanwa kwenye chuma cha moto liliwekwa mezani chini ya turubai. Trela lililetwa na trekta hadi kwenye mteremko, limewekwa juu ya matofali upande wa kulia, na kitovu kipya kando yake katika sanduku. Eskil ndiye aliyekitafuta na kukileta. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Yeye na Maren walikuwa wakizoa majani mwisho kabisa wa uwanja, peke yao.

Saa ya kahawa Sivert aligonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, jambo dogo, tunyooshe mikono tumalize, nyonga yangu hainiruhusu hotuba. Napendekeza kuanzia leo mtu mpya asiguse trela mpaka atimize miaka mitano hapa. Si kwa ajili ya mtu fulani."

"Si kwa ajili ya mtu fulani mrefu," mtu mmoja akadakia, na kicheko kikapita chini ya turubai. Hakikuwa kicheko kibaya sana. Maren aliweka reki chini. Eskil alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga.

Kule kuunyoosha mkono ndiko ambako Ragnfrid hakuweza kukustahimili.

"Shusheni mikono," alisema.

"Hatujahesabu," alisema Sivert.

"Hakuna cha kuhesabu. Kitovu hakikuingia maji. Nimekifungua mimi. Grisi ni safi kama siku niliyoiweka." Alisikia sauti yake ikitoka bila kupanda wala kushuka, hakuwa na nguvu ya kuipamba. "Sikutia pini. Niligeuza mkono barabarani jioni, nikasema nitaitia asubuhi, asubuhi nikaitwa kazini, nikasahau. Eskil alichukua trela ambalo sheria yetu ilimwambia liko tayari. Angengoja vipoe hadi Krismasi, gurudumu lingetoka vilevile."

Shakwe alikuja akachukua keki ukingoni mwa meza, na hakuna aliyemfukuza.

"Ragnfrid, mama," alisema Sivert mwishowe, kwa upole ambao hakuwahi kuutumia kwake. "Umefanya kazi mno msimu huu. Mtu akichoka hujitwika. Kazi ya Holmset haiwezi..."

"Inaweza. Imeweza."

"Lakini baba yako..."

"Baba yangu hakuwepo, Sivert. Nilikuwepo mimi."

Eskil alikuwa amesogea. Alisimama upande wa pili wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie ghubani hakuonekana mwenye haya.

"Umejua tangu lini?"

Angeweza kusema jana. Alifikiri hilo, na aliona jinsi lingekuwa rahisi.

"Tangu jioni ile ile."

"Siku ile nilipokuja na keki?"

"Nilikuwa najua."

"Siku kumi na tano," alisema Eskil. "Siku kumi na tano nimekuwa nikimwona mtoto ndani ya kile kibanda. Yupo kila nikifumba macho. Nawe ukanimiminia kahawa."

"Ndiyo."

"Na ukaniambia vyombo huharibika."

"Ndiyo, Eskil."

Maren alimshika mumewe kiwiko. Wakaondoka pamoja, wakipita katikati ya watu waliowapisha, hadi kwenye gari lao. Ragnfrid alitoa ufunguo wa kufuli mfukoni akauweka mezani, kati ya jamu na vikombe. "Mwingine alichukue trela," alisema. "Nimemaliza." Alikuwa amewaza siku nyingi kwamba akifika hapa atasikia wepesi. Hakusikia wepesi. Alisikia miguu ikimuuma.

Watu waliutazama ufunguo. Mmoja alisema yeye husafiri mno. Mwingine alisema mgongo wake. Sivert alikuna shingo. Walimhurumia kwa ile pini, aliliona hilo usoni mwao; baadhi walikuwa tayari wanatafuta namna ya kuisamehe, kwa sababu kila mmoja aliwahi kusahau kitu. Lakini kwa zile siku kumi na tano hawakujua wafanye uso gani, na hakuna aliyemtazama machoni. Basi hivyo ndivyo jina hutoka katika nyumba, aliwaza: watu huanza kutazama majani.

Mlango wa gari ulifungwa kule juu. Eskil alikuwa anarudi, peke yake, jeki mkononi. Alipita kando ya meza bila kusimama, akapiga magoti matopeni karibu na ekseli, akafungua sanduku la kitovu kipya.

"Mashua kumi na mbili ziko majini," alisema bila kugeuka. "Njoo unionyeshe."

Ragnfrid alikwenda. Kupiga magoti kulimchukua muda, na Eskil hakumsaidia.

"Sikiliza," alisema Eskil, kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuweza kuisikia. "Nionyeshe inavyofungwa. Na usinieleze habari za baba yako."

Akamwonyesha. Ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, kwa maana kila tendo lilikuja na sauti ya mzee ndani yake, na kila mara ilimbidi ainyamazishe kabla haijafika mdomoni. Paka beringi grisi kwa kiganja, ibane hadi itokee upande wa pili. Sukuma beringi. Kaza nati. Zungusha. Legeza robo. Mikono ya mpiga kinanda ilikuwa miepesi, ikishika jambo mara moja.

"Sasa?" aliuliza. "Nasikia kwenu huachwa hadi asubuhi."

Ragnfrid alitazama tundu kwenye ncha ya ekseli.

"Hapana," alisema. "Pini inaingia sasa hivi."

Eskil akaiingiza, akakunja mguu mmoja, akakunja wa pili, akauvuta kwa koleo kuhakikisha. Kisha akainuka, akaenda upande wa kushoto bila kumngoja, akakibandua kifuniko cha lile gurudumu jingine, lile ambalo Ragnfrid alilifunga mwenyewe, akalimulika kwa tochi. Alilikagua kwa muda mrefu. Ragnfrid alibaki amepiga magoti matopeni upande wa pili, akimngoja amalize, na aliona kuwa Eskil alikuwa na haki hiyo.